Presha ikitoroka kwenye ndege: dalili, sababu na la kufanya

Mama mmoja jirani yangu hapa Changamwe alinisimamisha na swali ambalo wengi wa Mombasa wanalo ila huona haya kuliuliza. "Fundi, nikienda Nairobi kwa ndege masikio yangu hayana neno. Nikirudi nalia kama mtoto. Hiyo ndege ya kurudi ina nini?"

Haina kitu. Uwanja wa Moi uko mita 61 tu juu ya bahari. Ule wa Jomo Kenyatta uko mita 1,624, yaani futi 5,330. Ndege inapopanda, hewa ya kabini huachwa ipungue polepole mpaka ilingane na ile ya mlima wa futi elfu sita au saba, na kwa kawaida haitakiwi ipite 8,000. Ukiwa unatua Nairobi, sikio lako lina safari ya futi elfu moja au mbili tu. Ukirudi Mombasa, linashuka mlima mzima hadi ufukweni. Tena kupanda ni rahisi, hewa iliyo nyuma ya ngoma ya sikio hutoka yenyewe. Wakati wa kushuka inabidi iingie, na njia yake ni nyembamba, ikiwa na mafua ndiyo imeziba kabisa.

Ukitaka kuyaona kwa macho, kunywa maji Nairobi, ufunge chupa tupu barabara, uishike mpaka utue Mombasa. Itabonyea kama imekanyagwa, maana hewa iliyomo imepoteza kama asilimia 18 ya ujazo wake.

Nimeanza na maumivu ambayo si ugonjwa kwa makusudi. Abiria hana geji wala taa ya tahadhari, ana masikio. Na sikio linaloziba ndege ikishuka linasema kweli. Sikio linalofanya hivyo ndege ikiwa imetulia juu, au linaloendelea kulipuka muda mrefu wakati wa kupanda, linasema jambo jingine. Hilo ndilo la kusikilizwa.

Kwanza ijue ndoo

Watu hudhani ndege ni kama mpira wa gari: unajazwa, unafungwa, kazi imekwisha. Sivyo. Kabini ni ndoo iliyotoboka iliyowekwa chini ya mfereji uliofunguliwa. Hewa mpya huingia bila kukoma, katika ndege nyingi ikichotwa kwenye injini, ikapozwa na viyoyozi, ikamwagwa ndani. Tundu la ndoo ni vali ya kutolea hewa, mara nyingi iko upande wa mkia, nayo hujifungua na kujibana yenyewe ili kiwango kisipande wala kushuka ghafla.

Kwa hiyo presha ikipotea, maswali ni matatu tu. Mfereji umefungwa? Tundu limeachwa wazi? Au ndoo yenyewe imepasuka? Kila dalili iliyo hapa chini inaangukia kwenye mojawapo.

Mluzi mlangoni

Uko karibu na mlango wa nyuma, unasikia mluzi mwembamba, na mguu wako unapata baridi. Abiria husali. Fundi hucheka, ingawa hatakiwi kucheka sana.

Chanzo karibu kila mara ni mpira wa mlango. Mpira huo una vitundu upande wa ndani. Hewa ya kabini huingia humo, mpira ukavimba na kukaza fremu. Vitundu vikizibwa na vumbi na grisi, au mpira ukajikunja, hewa hupenya pembeni na kupiga mluzi. Maji yakiingia hapo yakaganda juu, mambo ni yale yale. Mara moja tulihangaika na mluzi wa aina hiyo siku mbili, vijana wakibadilisha mpira na kuubadilisha tena, hadi mzee mmoja akainama na tochi akatoa kipande cha ukingo wa zulia, si kikubwa kuliko kidole cha mtoto, kilichokuwa kimelazwa chini ya mpira.

Mlango wenyewe hautafunguka. Milango mingi ya ndege za abiria hukaa kama kizibo kutoka ndani, na ndege ikiwa juu hewa huisukuma kwa zaidi ya tani tano kwa kila mita mraba. Yule mlevi anayetishia kufungua mlango angani asikutoe jasho. Mwambie tu mhudumu kuhusu mluzi, aandike.

Enzi za kuvuta sigara ndani ya ndege kazi hii ilikuwa nyepesi. Palipovuja palijichora penyewe kwa nje, mstari wa kahawia wa lami ya tumbaku. Sigara zikapigwa marufuku, na sisi tukabaki na tochi na povu la sabuni.

Masikio yanaendelea kuziba wakati wa kupanda, na hakuna kelele yoyote

Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo watu hufa. Waswahili tunasema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Tarehe 14 Agosti 2005 ndege ya shirika la Helios, Boeing 737, ilitoka Larnaca nchini Cyprus kuelekea Athens. Usiku uliotangulia mafundi walikuwa wameitwa kwa sababu ya mlango wa nyuma uliosikika ukipiga kelele. Ndiyo, ule ule mluzi. Fundi akafanya kinachopaswa kufanywa: akaijaza ndege hewa ikiwa chini ili apime uvujaji, na ili afanye hivyo akahamisha swichi ya presha kutoka otomatiki hadi ya mkono. Kipimo kikaisha salama, swichi ikabaki pale pale. Marubani wakapita kwenye orodha yao ya ukaguzi na hawakuiona.

Ndege ikaruka na tundu la ndoo likiwa wazi. Ilipopita futi 12,000 king'ora kikalia. Tatizo ni kwamba sauti hiyo hiyo, chini uwanjani, huwa na maana nyingine: kwamba ndege haijapangwa vizuri kwa kuruka. Marubani wakashika maana ile ya pili. Wakawa wanajadiliana kwa redio na mafundi juu ya mitambo ya kupoza, huku oksijeni ikiwatoka kichwani. Kabini ilipofika kiasi cha futi 14,000 barakoa zikadondoka kwa abiria, wenye chumba cha mbele wakiwa hawana zao usoni. Ndege ikapanda yenyewe hadi 34,000, ikazunguka karibu na Athens hadi mafuta yalipokwisha. Watu wote 121 walikufa.

Hakuna kilichovunjika kwenye ndege ile. Ilikuwa nzima.

Dalili za ukosefu wa oksijeni ni za hila kwa sababu haziumi. Mtu huona raha. Anachekacheka, anarudia neno, anashindwa hesabu ya kutoa saba kutoka mia, vidole vinawasha, macho yanaona kama kupitia bomba. Vitabu vingi husema atageuka rangi ya buluu. Kwa ngozi zetu nyeusi usitazame mashavu, tazama kucha na ndani ya midomo. Usimuulize kama yuko sawa, atakwambia yuko sawa kabisa.

Muda alionao mtu wa kufanya jambo la maana kabla akili haijazima ni huu: futi 25,000, dakika tatu hadi tano, futi 35,000, nusu dakika hadi dakika moja, futi 40,000, sekunde 15 hadi 20. Hewa ikitoka kwa ghafla, muda huo hupungua hadi nusu hivi. Hii ndiyo maana ya lile tangazo la kuvaa barakoa yako kabla ya kumvisha mtoto. Si uchoyo. Mzazi akizimia, mtoto hana wa kumvisha.

Kama barakoa zimeshuka na ndege inaendelea kupanda au imetulia bila kushuka, na hakuna neno kutoka mbele, mwite mhudumu. Oksijeni ya abiria katika ndege nyingi hutengenezwa na kikebe chenye kemikali juu ya kiti, nacho hufanya kazi kiasi cha dakika 12 hadi 15 tu. Muda huo umepimwa kwa ajili ya kuteremka, si kwa ajili ya kumalizia safari.

Kwa vijana mnaojifunza kazi: ripoti ya presha ikija, msikimbilie kompyuta. Tazameni kwanza swichi ilipo. Pili, hewa ya injini na viyoyozi viko wazi? Tatu, vali ya kutolea hewa, inatembea au imekwama? Mlango baadaye, bodi mwisho. Na aliyeihamisha swichi kwa ajili ya kipimo aandike kwenye kitabu wakati ule ule, si baada ya chai.

Kishindo, ukungu, baridi

Hii ndiyo watu huiona kwenye sinema. Mlipuko, halafu kabini nzima inajaa ukungu mweupe. Usidhani ni moshi. Hewa inapotanuka ghafla hupoa, na unyevu wake hugeuka ukungu mara moja, kama pumzi mbele ya friji iliyofunguliwa. Karatasi zinaruka kuelekea tundu. Nje, futi 35,000, ni kama nyuzi 54 chini ya sifuri, na hewa ni chini kidogo ya robo ya ile tunayovuta Likoni.

Acha pumzi itoke. Usijaribu kuizuia kifuani, mapafu hayapendi. Vuta barakoa kwa nguvu mpaka kamba ikaze, maana bila kuvuta kikebe hakiwaki. Mfuko wake usipovimba usiogope, hewa inapita. Harufu ya kitu kuungua ni joto la kikebe. Funga mkanda ukae. Ndege itainamisha pua na kushuka kwa kasi ya kutisha, na wengi hudhani inaanguka, kumbe hiyo ndiyo dawa: rubani anakimbilia futi 10,000 ambako mtu hupumua bila msaada. Kati ya Nairobi na Mombasa hilo ni jepesi kwa sehemu kubwa, chini ni nyika ya Tsavo. Ila ule mlima unaouona dirisha la kulia ukija Pwani, Kilimanjaro, una futi 19,341, kwa hiyo anayeruka upande ule lazima auzunguke kwanza ndipo ateremke.

Na sababu? Hapa ndoo imepasuka, na mara nyingi chanzo ni kidogo mno.

Juni 1990, Uingereza, kioo cha rubani kiling'oka kwenye ndege ya British Airways iliyokuwa ikipanda kupita futi 17,000. Kilikuwa kimebadilishwa kabla ya safari ile, na kati ya bolti 90 zilizokishika, 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa, kwa tofauti isiyofika milimita moja. Fundi alizilinganisha kwa macho. Rubani alinyonywa nje nusu mwili, wenzake wakamshika miguu mpaka ndege ikatua Southampton, na akapona. Januari 2024, Alaska Airlines, kipande kizima kilichoziba nafasi ya mlango kiliruka kwa sababu bolti nne za kukishika hazikuwepo kabisa. Hakufa mtu, kiti cha pembeni kilikuwa kitupu.

Lakini ajali ninayoifikiria kila nikipita karibu na bahari ni ya Aloha Airlines huko Hawaii, tarehe 28 Aprili 1988. Boeing 737 ikiwa futi 24,000 ilifumuka paa, kama mita tano na nusu za bodi zikaenda, abiria wakabaki wameketi angani kama watu wa basi la wazi. Mhudumu mmoja alichukuliwa na upepo, wa pekee aliyekufa. Ndege ile ilikuwa imeruka mara 89,680.

Fikiria idadi hiyo. Umri wa bodi ya ndege haupimwi kwa miaka pekee. Kila safari ni kuvimba mara moja na kunywea mara moja, iwe ya saa kumi kwenda Ulaya au ya dakika arobaini na tano kwenda Nairobi. Ndege ya safari fupi huzeeka haraka. Ongeza chumvi. Hawaii kama Mombasa: upepo wa bahari, unyevu mchana na usiku, gundi kati ya mabati ikaachia, chumvi na maji yakaingia kwenye maungio, nyufa zikaanza kwenye tundu la ribiti moja hadi la pili hadi zikashikana mikono. Mwenye nyumba ya mabati Mtongwe au Kongowea hahitaji maelezo zaidi. Kutu ya alumini ni nyeupe, kama unga, na huivimbisha rangi kabla haijaonekana yenyewe.

Ndiyo maana tumbo la ndege hapa Pwani linataka jicho la ziada. Hewa yenye unyevu huganda nyuma ya matandiko ya kuzuia baridi, halafu huyeyuka na kuteremka chini. Kuna vitundu vya kutolea maji. Vikizibwa na uchafu, maji yanalala pale pale wiki nzima. Kumwambia kijana achokonoe vitundu vya maji ni kama kumtuma afagie, lakini kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Jambo moja zaidi kuhusu Aloha. Abiria mmoja alipokuwa anapanda aliuona ufa kwenye bodi karibu na mlango. Hakusema. Pengine alidhani wenyewe wanajua, pengine aliona haya. Ukiona kitu, sema, hata wakikuona mshamba.

Ndege ndogo isiyo na barakoa

Haina kwa sababu haihitaji. Zile za injini moja zinazoruka kutoka Ukunda kwenda mbugani nyingi hazijazwi hewa kabisa. Hupaa chini chini na madirisha yake hayabebi mzigo wowote. Masikio yatakuuma zaidi kidogo, basi.

Maungo yanauma ndani ya ndege, na jana ulikuwa baharini

Hii haimo kwenye vitabu vya mafundi, ila nimeiona kwa watalii na kwa vijana wetu pia.

Kila mita 10 za maji huongeza presha sawa na hewa yote iliyo juu ya dunia. Anayeshuka kwenye ile meli ya Dania, iliyozamishwa nje ya Nyali mwaka 2002 iwe nyumba ya samaki, akifika kina cha mita 30 mwili wake unabeba mara nne ya mtu aliyeketi ufukweni. Nitrojeni ya pumzi yake huingia kwenye damu na mafuta, na humtoka polepole, kwa saa nyingi baada ya kupanda. Akiingia kwenye ndege mapema, ile kabini nzima isiyo na kasoro yoyote, iliyowekwa futi 8,000 kama inavyotakiwa, kwake ni kama kabini iliyopoteza presha. Nitrojeni hufanya mapovu kama soda iliyofunguliwa. Dalili ni maumivu ya bega, goti au kiwiko, ngozi kuwasha, ganzi, kizunguzungu, miguu kulegea.

Jinsi haraka inavyoua ikizidi, wapiga mbizi wa Byford Dolphin, mtambo wa kuchimba mafuta kwenye Bahari ya Kaskazini, walionyesha mwaka 1983. Chumba chao cha chuma kilikuwa na presha mara tisa ya hewa ya kawaida. Kiungio kikafunguliwa kabla mlango haujafungwa, na kikateremka hadi moja kwa mpigo. Watano walikufa. Sababu ilikuwa mpangilio wa hatua: kishikizo kimoja kilifunguliwa kabla ya wakati wake.

Mwenye dalili hizo angani apewe oksijeni na rubani aambiwe wazi kwamba mtu huyu alipiga mbizi, na lini. Asikandwe, asipewe pombe. Akitua apelekwe hospitali hata kama maumivu yamepungua, na daktari naye aambiwe habari ya kupiga mbizi, la sivyo atatibiwa malaria.

Kinga yake ni hesabu tu. Ulizama mara moja, ngoja angalau saa 12 kabla ya kuruka. Ulizama mara kadhaa au siku mfululizo, angalau 18, na wengi hufunga kazi kwa 24. Hesabu kwa saa za aina moja. Kijana mmoja alitoka majini Diani saa kumi alasiri, tikiti ikasema 10:00 kesho yake, akaniambia amepumzika siku nzima, kumi kwa kumi. Kumi ya tikiti ni saa nne asubuhi.